Mkono wa Kufumba Macho

Dominika ya Tano ya Kwaresima, Mwaka A
Ezekieli 37:12-14, Warumi 8:8-11, Yohane 11:1-45



Ndugu wapendwa wasikilizaji, Injili ya Dominika ya leo ni ndefu, na bila shaka wengi wenu mmeisikiliza mkiingojea ile sehemu ya mwisho, pale Bwana wetu anapopaza sauti mbele ya kaburi na Lazaro anatoka, mikono na miguu imefungwa sanda. Hiyo ndiyo sehemu tunayoipenda sote. Lakini leo tungependa kubaki kidogo huku nyuma, katika nyumba ile ya Bethania, siku zile ambazo Lazaro alikuwa bado kitandani na dada zake wawili wakimwuguza. Mwinjili Yohane anazipita siku hizo kwa haraka. Anatuambia tu kwamba walituma ujumbe, kwamba Yesu alipoupata alikaa siku mbili zaidi pale alipokuwa, na kwamba alipofika, Lazaro alikuwa amekwisha kukaa kaburini siku nne. Siku za ugonjwa wenyewe hazikuandikwa. Hata hivyo kila mtu aliyewahi kuuguza anaweza kuzijazia mwenyewe: maji yaliyochemshwa usiku wa manane, shuka zilizofuliwa kabla ya mapambazuko, na macho yanayotazama njia kila mbwa anapobweka.

Angalieni jambo moja. Martha anapomlaki Yesu njiani, anamwambia kwamba laiti angalikuwapo, ndugu yao hangalikufa. Kitambo kidogo baadaye Maria naye anatoka, anaanguka miguuni pake, anasema lile lile, karibu neno kwa neno. Ninyi mliofiwa mnajua kwa nini. Ni kwa sababu neno hilo ndilo walilokuwa wakiambiana ndani ya nyumba kwa siku zote nne. Kila msiba una neno lake la namna hiyo: laiti tungalimpeleka mapema, laiti tungalikuwapo, laiti tungalimwambia.

Ni juu ya hilo la mwisho tunalotaka kuzungumza nanyi asubuhi hii, yaani juu ya kuagana na mzazi ambaye madaktari wamekwisha kusema kwamba ugonjwa wake hauna tiba. Sisi watu wa siku hizi tunaunda kamati ya arusi miezi sita kabla, na mwenyekiti, na mweka hazina, na kadi za michango. Lakini kifo ambacho tumepewa habari zake miezi sita kabla kinatukuta hatuna hata sentensi moja ya kumwambia yule anayeondoka.

Tusimulie ya nyumbani kwetu. Tumeyasimulia mara chache, na kila mara kwa aibu.

Baba yetu mzazi alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi katika miteremko ya Kilimanjaro. Mwishoni mwa Majilio ya mwaka mmoja alianza kulalamika kwamba ugali unamkwama kifuani. Akaacha ugali, akala ndizi zilizopondwa. Akaacha ndizi, akanywa uji. Ilipofika Kwaresima, hata maziwa yalipita kwa shida. Hospitalini walimpitisha mrija wenye taa kooni, wakatwaa kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya uchunguzi, na majibu yakawa saratani ya umio, yaani ule mfereji unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Maradhi hayo si mageni kwetu. Ukanda huu wa mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, unao wagonjwa wake wengi kuliko sehemu nyingi za dunia, na aghalabu wanafika hospitali wakati mlango wa tiba umekwisha kufungwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa baba.

Daktari alituita sisi watoto pembeni. Alisema alichotakiwa kusema, akatupa pole, akaenda kwa wagonjwa wengine. Nasi tukasimama pale chini ya mwembe wa hospitali, ndugu sita, tukakubaliana kwamba mzee asiambiwe. Aambiwe ana vidonda vya tumbo. Ndugu wapendwa, aliyetoa shauri hilo ni sisi tunaozungumza nanyi sasa hivi. Padre, mtu aliyesomea teolojia ya maadili katika seminari kuu na kufanya mtihani juu ya amri ya nane. Tuliupaka uongo huo rangi nzuri. Tulisema ni huruma. Tulisema mzee akijua atakata tamaa. Ukweli ni kwamba tulikuwa tukijihurumia wenyewe, maana hatukujua tungeuweka wapi uso wetu baada ya kumwambia.

Majuma sita tuliishi hivyo. Kila Jumatatu tulipanda gari kutoka parokiani, tukaketi kando ya kitanda chake, tukazungumza habari za mvua na bei ya kahawa. Alitusikiliza kwa adabu. Tuliposimama kuondoka, tulimbariki haraka na kumwambia, utapona tu, baba. Naye alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayempokea mgeni zawadi asiyoihitaji.

Jumatatu moja akatuuliza: "Padre, tangu upewe daraja, umezika watu wangapi?"

Alikuwa akituita Padre tangu siku ya upadrisho wetu, mbele za watu na hata tukiwa wawili peke yetu. Ilikuwa heshima yake kwa Kanisa na, tusifiche, ilikuwa fahari yake pia. Tukajibu kwamba hatujawahi kuhesabu, ila ni wengi.

"Na hao wote uliwaambia wana vidonda vya tumbo?"

Hatukuwa na jibu. Mama alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi, wala hakuinua kichwa. Akasema: "Anajua tangu siku ile mliyorudi naye kutoka hospitali. Nyuso zenu zilimwambia. Alikuwa akiwahurumia ninyi." Hapo ndipo tulipolia, na baba akangoja tumalize, kama mtu aliyejibanza barazani akingoja mvua ipite.

Kumbe mzee alikuwa na mambo ya kusema, nasi tulikuwa tumemziba kinywa kwa muda wa majuma sita, na katika majuma hayo sita sauti yake ilikuwa imekwisha kupungua nusu. Hilo ndilo linalotuuma hata leo. Tunapomficha mgonjwa habari zake mwenyewe, hatumwondolei kifo. Tunachomwondolea ni nafasi ya kuaga, na nafasi hiyo ni mali yake. Hatusemi kwamba kila mgonjwa abwagiwe majibu ya maabara kama gunia. Wapo wasiotaka kujua yote, na hao waheshimiwe. Lakini mgonjwa akiuliza, ajibiwe. Na asipouliza, aulizwe kwa upole kama kuna neno analotaka kujua, au neno analotaka kusema. Wengi wana neno.

Baba aliomba watoto wote waitwe, na Jumamosi iliyofuata tulikuwa sote chumbani mwake. Aliyoyasema tunaweza kuyasimulia kwa sababu hakuyasema katika kitubio. Kitubio chake alikifanya kwa Paroko wa nyumbani, maana hatukuona vyema mzazi aungame kwa mwanawe. Haya aliyasema mbele ya wote, akatuagiza tusiyafiche. Wasikilizaji wasiotoka kwetu waelewe kwamba Wachaga huotesha mmea uitwao sale kuwa alama ya mpaka wa kihamba, na jani la mmea huohuo ndilo mtu analompelekea jirani aliyemkosea anapoomba msamaha. Kati ya kihamba chetu na kile cha mtoto wa baba yake mdogo kulikuwa na ugomvi wa mpaka uliodumu miaka kumi na mmoja. Ulifika kwa wazee wa ukoo, ukafika kwenye baraza la kata, ukarudi nyumbani bila kuisha. Sisi wenyewe tulimtetea baba kwa kiburi cha kanzu yetu. Tulimhesabu jirani yule kuwa mwongo, na Dominika moja alipotukaribia baada ya Misa, tulimwambia aende akazungumze na mwenyekiti wa kijiji.

Sasa baba akasema, kwa sauti iliyokwisha kuwa mnong'ono, kwamba masale yale aliyang'oa yeye, usiku, akayasogeza hatua tatu. Alitaka nafasi ya mstari mmoja wa miche ya kahawa. "Na kahawa yenyewe," akasema, "ilikauka."

Jani la sale lilipelekwa jioni ileile na mdogo wetu wa kiume. Jirani alilipokea, akaliweka juu ya meza, asiseme neno. Jumapili hakuja. Jumatatu hakuja. Hatukumlaumu, mtu aliyeitwa mwongo kwa miaka kumi na mmoja ana haki ya kufikiri kwa siku chache.

Katika siku hizo tulirudi tena na tena kwenye kitabu cha Mwanzo, katika zile sura za mwisho zinazosimulia kifo cha mzee Yakobo. Tulikuwa tumezifundisha mara nyingi bila kuzisoma. Yakobo anapoogopa kushuka Misri, Mungu anamwahidi mambo makubwa, kwamba atamfanya taifa kubwa huko. Halafu anaongeza ahadi ndogo kabisa, kwamba Yosefu mwenyewe ataweka mkono wake juu ya macho yake (Mwa 46:4). Mungu wa mbingu na nchi anafikiria ni mkono gani utakaofumba macho ya mzee mmoja. Yakobo anaishi Misri miaka 17, na saa inapokaribia, haachi mambo yaende yenyewe. Anamwapisha Yosefu juu ya mahali pa kuzikwa. Anawabariki wajukuu, akipishanisha mikono kwa makusudi. Anawaita wana wote kumi na wawili na kumwambia kila mmoja neno lake, na si yote yaliyo matamu. Reubeni, Simeoni na Lawi waliambiwa ukweli mchungu mbele ya ndugu zao. Kisha anakunja miguu yake kitandani, anakata roho. Naye Yosefu, mtu mkubwa wa Farao, anaanguka juu ya uso wa baba yake, anamlilia na kumbusu.

Hata hivyo katika nyumba ile kulikuwa na jambo moja ambalo Maandiko hayatuonyeshi likizungumzwa kitandani, nalo ni lile kubwa kuliko yote: kwamba ndugu walimwuza ndugu yao. Tazameni linavyozuka mara tu baada ya mazishi (Mwa 50:15-21). Ndugu wanaogopa kwamba Yosefu atalipa kisasi, wanamtumia ujumbe kwamba baba aliagiza kabla ya kufa wasamehewe. Hakuna mahali ambapo Yakobo anasikika akiagiza hivyo. Yawezekana walilitunga wao, kwa hofu. Yosefu akalia aliposikia. Ndivyo inavyokuwa hata kwetu: lile ambalo halikusemwa mzazi akiwa hai, watoto hulazimika kulitunga siku ya kugawa urithi, na kila mmoja hutunga la kwake.

Turudi kwenye kitanda cha baba, maana kuna jambo la maumivu ambalo hatuwezi kuliruka. Mtu mwenye maumivu makali hawezi kuagana na yeyote. Maumivu huujaza moyo wote, hata sala haipati mlango. Katika juma la kwanza baba alikuwa akiuma blanketi ili mama asimsikie. Ndipo alipokuja muuguzi wa huduma ya tiba shufaa, akiwa na pikipiki na kisanduku, akaleta mofini ya maji. Ni dawa chungu, hupimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, hunywewa kila baada ya saa nne kwa saa, si kungoja maumivu yarudi. Alitueleza kwamba siku mbili tatu za kwanza mgonjwa atasinzia na pengine atasikia kichefuchefu, na kwamba dawa hiyo hufunga choo, kwa hiyo alete na ya kulainisha. Shangazi yetu alipinga vikali. Alisema tunamfanya mzee kuwa mlevi wa dawa za kulevya, tena tunamharakisha kufa; na akatuuliza sisi, kama padre, Kanisa linasemaje.

Tulimjibu, nasi tunawajibu nanyi, kwa sababu swali hilo liko katika nyumba nyingi. Papa Pius XII aliulizwa na madaktari jambo hilihili, na tarehe 24 Februari 1957 akawajibu kwamba ni halali kumpunguzia mgonjwa maumivu kwa dawa, hata kama dawa ingeweza kufupisha maisha kidogo, maadamu si kifo kinachotafutwa na hakuna njia nyingine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inafundisha hivyohivyo katika namba 2279, na huko ndiko inakosema kwamba kumtunza mgonjwa wa namna hiyo ni upendo ulio bora. Na namba inayotangulia yaeleza kwamba si lazima kushikilia matibabu mazito yasiyo na matumaini. Kumwua mgonjwa ni dhambi kubwa. Kumwacha apumzike na kumwondolea mateso ni jambo lingine kabisa. Tena wenzetu jirani wamekwisha kutufungulia njia: Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na huko Uganda tangu mwaka 2004 wauguzi waliofundishwa kazi hiyo wanaruhusiwa kisheria kuandika mofini. Shangazi aliridhika nusu. Nusu iliyobaki iliridhika usiku wa pili, kaka yake alipolala hadi alfajiri, akaamka akaomba asomewe Zaburi.

Muuguzi yule alitufundisha na jambo lingine ambalo seminarini hatukufundishwa. Alituambia tusimlazimishe mzee kula. Sisi Waafrika tunaona aibu mgonjwa asipokula, tunadhani watu watasema tumemwacha afe kwa njaa. Alitueleza kwamba mwili unaokaribia mwisho hauhitaji tena chakula, na ukilazimishwa kinaweza kwenda mapafuni kikamwongezea mateso. Chukueni pamba, akasema, iloweni kwa maji safi, mlowanishe midomo na ulimi. Mgeuzeni upande kila baada ya saa mbili ili ngozi isichubuke. Na mseme naye hata anapoonekana hasikii, maana hamjui kama hasikii.

Juma lile tulipewa ruhusa ya kukaa nyumbani. Alhamisi jioni, baba akiwa hawezi tena kutoa sauti, mlango ulibishwa hodi, akaingia jirani. Sote tulisimama. Hakutusalimu. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akamtazama baba kwa muda mrefu. Dada yetu mdogo alikuwa ameshika bakuli la maji na pamba. Jirani akaichukua pamba ile mkononi mwake, akailoweka, akamlowanisha ndugu yake midomo, polepole, mara tatu au nne. Baba alifumbua macho. Hatujui aliona nini, ila mkono wake ulitembea juu ya blanketi hadi ukaukuta mkono wa jirani. Hapakusemwa neno lolote. Ungekuja mapema, laiti ungekuja mapema! Tulitaka kusema hivyo, Martha aliyemo ndani yetu alitaka kusema hivyo, tukanyamaza. Jirani alipotoka nje, ndipo sisi tulipomfuata chini ya migomba tukapiga magoti na kumwomba radhi yetu wenyewe. Alituinua. "Simama, Padre," akasema, "utachafua kanzu."

Sasa neno kwa makatekista, maana ninyi ndio mnaokuwa karibu wakati padre yuko mbali. Msingoje mgonjwa apoteze fahamu ndipo mtume ujumbe parokiani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kusema mwaka 1963, katika hati juu ya Liturujia, kwamba Mpako si sakramenti ya wale tu walio katika pumzi ya mwisho. Wakati wake ni pale mtu anapoanza kuwa hatarini kwa maradhi au uzee. Lakini bado tunaitwa saa nane usiku kumpaka mafuta mtu ambaye kwa miezi mitano alikuwa na akili timamu na hakuna aliyethubutu kutamka neno padre mbele yake, asije akaogopa. Sakramenti inayomhusu hasa anayeondoka ni Ekaristi, ile Komunyo iliyo masurufu ya safari. Na asiyeweza kumeza mkate aweza kupewa Damu ya Kristo peke yake, hata tone moja kwa kijiko. Sheria ya Kanisa inaruhusu. Tena zile sala za kumkabidhi anayekufa mikononi mwa Mungu, msidhani ni za padre tu. Katekista anaweza kuziongoza, mama wa nyumba anaweza, mtoto anaweza kushika msalaba na kutaja jina la Yesu sikioni mwa babu yake.

Jumamosi jioni ilitubidi kurudi. Parokia ilikuwa na padre mmoja tu, na vigango viwili vilikuwa vinangoja Misa. Tulimpa baba tone la Damu Takatifu kwa kijiko cha chai, nalo lilipita. Kisha tukavua stola, tukaikunja, tukapiga magoti kando ya kitanda kama mtoto. Safari hii hatukusema utapona. Tulimwambia asante, baba. Tulimwambia ada za shule tulizijua zilikotoka, na ng'ombe aliyeuzwa tunamkumbuka hata jina. Tulimwambia utusamehe vidonda vya tumbo. Tulimwambia mama hataondoka katika nyumba hii, na masale yatarudi mahali pake. Tulimwambia, ukiitwa, nenda, usitungoje. Aliuweka mkono wake juu ya kichwa chetu, mzito ajabu kwa mtu aliyekonda hivyo, na midomo yake ikaunda neno bila sauti. Tulilisoma. Halikuwa Padre. Lilikuwa "mwanangu".

Alifariki kesho yake, Dominika ya kipindi cha Pasaka, wakati sisi tukiwa kwenye kigango cha pili tukihubiri. Ujumbe tuliukuta kwenye simu sakristiani. Kwa hiyo mkono uliofumba macho ya baba haukuwa wetu, na kusema kweli haukustahili kuwa wetu. Ulikuwa wa dada yetu mdogo, aliyekuwa amemgeuza kila baada ya saa mbili kwa siku zote zile, usiku na mchana, huku sisi wanaume tukifanya vikao. Katika mazishi mshereheshaji aliwashukuru Maaskofu, mapadre, masista, viongozi wa serikali na kamati ya chakula, dada hakutajwa. Tunamtaja leo, bila jina, kwa sababu hapendi kutajwa.

Na ninyi ambao hamkuwapo kabisa? Tunawafahamu, mnatuandikia barua. Yupo aliyekuwa kazini ng'ambo na kuyafuata mazishi ya mama yake kwenye simu. Wapo waliofiwa mwaka 2020 na 2021, wakati wa ugonjwa ule ulioizunguka dunia, wakati katika nchi nyingi mgonjwa alifungiwa peke yake na watoto wakabaki langoni. Wapo waliokuwapo, wakiwa mita mbili tu, ila hawakusema neno, ama kwa hofu ama kwa kinyongo. Kwenu tunairudia Injili ya leo. Bwana wetu mwenyewe alichelewa kwenye kitanda cha rafiki yake. Alikuja siku ya nne. Martha na Maria walimrushia maneno yao naye hakuwakemea wala hakujitetea. Aliuliza tu wamemweka wapi, akaenda pale, akalia machozi mbele ya watu wote. Kisha akazungumza na maiti kwa jina lake. Mbele yake Lazaro hakuwa mbali kiasi cha kutosikia. Ikiwa wewe nawe una neno lililochelewa, nenda ukaliseme mbele yake, katika Misa, ukimtaja marehemu wako kwa jina. Sisi tumelifanya hilo mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, ingawa tuliwahi kuaga.

Tusisahau pia kwamba Lazaro alikufa tena. Injili haitusimulii lini, lakini hakubaki duniani. Ufufuko wa kudumu ni ule wa Bwana, tutakaouadhimisha majuma mawili yajayo. Kwa hiyo Martha na Maria, kama waliishi baada yake, walimwuguza mara ya pili. Tunapenda kufikiri kwamba safari ile ya pili walijua la kusema.

Masale tuliyarudisha siku ya arobaini. Jirani alipima hatua tatu kwa miguu yake mwenyewe, kisha akarudi nyuma hatua moja, akasema hapa panatosha. Mama alipinga. Walibishana kidogo, kwa kucheka, na yeye akashinda.

Kabla hatujaikiri imani yetu, tunyamaze kitambo kidogo. Katika nyumba mojawapo inayotusikiliza asubuhi hii kuna mgonjwa, na redio imewekwa karibu na kitanda chake. Mzee wetu, mama yetu, tunakusalimu. Na wewe uliyeketi hapo kando yake, punguza sauti ya redio sasa, umgeukie.